Sankale kwenye Kalenda

EFRAIMU: Haloo? Kaloleni hapa, chumba cha mchoraji. Nani mwenzangu?

MAMA: Mama yako. Niko kwenye simu ya kadi, Olmotonyi. Nisikilize.

EFRAIMU: Mama, habari za nyumb—

MAMA: Mbaya. Toka humo ndani. Kaka zake Sankale wamepanda pikapu na mapanga.

EFRAIMU: Sankale rafiki yangu? Mimi nimemf—

MAMA: Umemchora. Picha imetolewa kalenda, kalenda imetundikwa kwa bwana misitu. Sankale na msumeno, mti wa serikali umelala chini. Jana askari wa msitu wamemfuata. Wamempiga virungu mpaka jicho limetoka.

EFRAIMU: Yesu.

MAMA: Hata namba nyekundu ya msitu umeiweka kwenye shina. Ya nini?

EFRAIMU: Ilikuwepo, mama.

MAMA: Ilikuwepo.

EFRAIMU: Kile kitabu alichoniachia mchungaji, wachoraji wa Ulaya wa karne ya kumi na tisa... Wenzao walichora wafalme na malaika. Wao wakamchora mvunja kokoto, na viatu vyake vilivyotoboka, na ardhi anayoipiga. Mtu na mahali pake, bila kuficha—

MAMA: Huyo mvunja kokoto, kokoto alikuwa anaziiba?

EFRAIMU: Hapana.

MAMA: Sankale alikuwa anaiba. Na wewe ukamchora mpaka kovu la shavu.

[simu inakwaruza]

EFRAIMU: Wamepajuaje hapa? Nimehamia juzi. Nilikuambia wewe tu. Mama?

MAMA: Meitamei, yule mkubwa wao, aliubana mkono wangu juu ya kinu. Mwenzake akashika mchi. Vidole viwili nilinyamaza. Cha tatu nikasema.

EFRAIMU: Nakuja huko sasa hivi.

MAMA: Uje kufanya nini? Ruka ukuta wa nyuma.

EFRAIMU: Kuna picha haijakauka—

MAMA: Iache.

EFRAIMU: Ni wewe, mama. Unapalilia mahindi.

MAMA: Mimi nipo. Iache.

EFRAIMU: Wanagonga.

MAMA: Hao hawagongi, wanavunja. Nenda. Uniti zangu zimebaki tatu—

[kishindo, vioo, sauti za wanaume]

MAMA: Efraimu? Efraimu.

MEITAMEI: Shikamoo, mama.

MAMA: [kimya]

MEITAMEI: Ni Meitamei. Nimekuamkia.

MAMA: Nimesikia. Mwanangu yuko wapi?

MEITAMEI: Karuka ukuta. Tumekatakata picha tu, hata yako.

MAMA: Marahaba.

[simu inakatwa]