Mama Albertine Mwaba na Maua ya Masingasinga

Ijumaa hii, tarehe 27 Februari 2026, Mama Albertine Mwaba atavua aproni yake ya kijani katika Duka la Maua Jakaranda, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi. Mimi nimepewa heshima ya kuandika wasifu wake. Yeye mwenyewe aliomba niandike mistari miwili tu, kisha watu waanze kula. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sikumtii.

Mama Albertine ni mtoto wa mfanyakazi wa reli, wa familia ya Kikatoliki iliyotoka kaskazini mwa Katanga. Alipoajiriwa mwaka 1993 alijua kutengeneza shada la mazishi kama lilivyozoeleka hapa Lubumbashi: duara la waya, maua yamefungwa kuzunguka, na utepe wenye jina la marehemu. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na mashada yake yalionekana katika kila makaburi ya mji. Wenye duka walimpenda, na yeye alijipenda kidogo pia, kama anavyokiri.

Katika miaka yake ya mwanzo alifariki seremala mmoja Singasinga, Kulwant Singh, ambaye mabenchi yake bado yanakaliwa katika makanisa mengi ya hapa. Familia iliagiza shada kutoka dukani kwetu. Masingasinga hawaziki, mwili huchomwa pamoja na maua yaliyo juu yake. Mama Albertine hakulijua hilo, wala hakuuliza. Alikunja waya wake kama kawaida, akaufunika kwa maua mazuri, akaenda zake nyumbani akiwa ameridhika. Kesho yake asubuhi, wana wa marehemu walipokwenda kukusanya mabaki ya baba yao, walikuta waya umejisokota katikati ya mifupa, ikabidi wauchomoe kwa vidole.

Mjane wa Kulwant, Mama Harjit Kaur, alikuja dukani mwenyewe. Aliweka ule waya mweusi juu ya meza, umefungwa ndani ya kitambaa. Hakupaza sauti. Mama Albertine anasema afadhali angepigwa kofi. Alilia mpaka wateja wengine wakadhani ndiye aliyefiwa. Mama Harjit alipoona machozi yale, alivuta kiti, akaomba sindano ndefu na uzi wa pamba, akamwonyesha jinsi maua yanavyotungwa moja moja, bila waya, bila plastiki, bila kitu chochote ambacho moto hauwezi kukimaliza. Urafiki wao ulianzia kwenye kiti kile.

Tangu siku hiyo, maua ya Masingasinga wa mji huu yamekuwa kazi ya Mama Albertine. Misiba, ndoa, sikukuu za gurudwara, nyumba yao ya ibada, yote yalipita mikononi mwake. Ndiye aliyetufundisha kwamba maua ya kuzungushia mahali pa Kitabu Kitakatifu hayanuswi kwanza, wala kapu lake haliwekwi chini. Ndiye aliyeshawishi wakazi wa mtaa wa Makomeno kupanda kando ya nyua zao yale maua ya rangi ya machungwa yenye harufu kali, ili tusitegemee magari yanayoleta maua kutoka mpakani. Leo ukipita mitaa ile asubuhi unaweza kudhani kuna harusi.

Msifikiri alikuwa mtakatifu. Mara ya kwanza kuingia gurudwara alikuwa ametoka kusuka nywele siku nzima, mtindo mpya kabisa. Mlangoni akaambiwa avue viatu na afunike kichwa. Alirudi amenuna kuliko mtu aliyeibiwa, kwa kuwa hakuna aliyeuona mtindo wake. Lakini alirudi pia ameshiba, maana pale kila anayeingia huketi chini na kulishwa, awe nani. Alisifu dengu zao wiki nzima, kisha akamalizia kwa kusema hazifiki bukari, ugali wetu wa hapa, na samaki wa Kasenga. Mcheza kwao hutunzwa.

Kustaafu kwake kulipangwa kuwe mwisho wa Desemba. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kuvimba, na daktari alimkataza sindano. Sisi tulishanunua keki. Ghafla akaenda kwa mkurugenzi kuomba aongezewe muda, na wengi wakamcheka kwamba kazi imemkolea. Ukweli ni kwamba Mama Harjit alikuwa amelazwa kitandani, na alikuwa amemwambia rafiki yake neno ambalo nililisikia kwa masikio yangu, maana nilimsindikiza kumwona: "Albertine, weye njo utashona maua yangu. Hapana muntu mwingine." Mama Albertine alimjibu apone kwanza, mambo ya maua yataonekana. Tulipotoka nje aliifinya mikono yake njia nzima.

Mama Harjit alifariki mwanzoni mwa mwezi huu. Asubuhi ile Mama Albertine alifika dukani kabla yetu, na nilipoingia alikuwa ameshaanza. Nilijitolea kumsaidia, akakataa. Yusufu, mwenzetu wa dukani, naye alijitolea, akakataliwa kwa ukali zaidi. Tulimtazama akidondosha sindano, akiiokota, akiidondosha tena. Shada halikufika nusu, vidole vikafungana kabisa. Aliketi, akayatazama maua yaliyobaki. Sijawahi kumwona ameshindwa kiasi kile, na niliumia.

Kisha akasimama, akamimina kila kitu ndani ya beseni, akaniambia nimpeleke Makomeno kwa marehemu. Aliingia moja kwa moja jikoni, walipokuwa mabinti na wakwe wa Mama Harjit, akaweka beseni juu ya meza. "Batoto yangu," aliwaambia, "bidole inakatala. Mukuye tushone pamoja."

Wakaja wote. Wengine hawakuwahi kushika sindano ya maua maishani. Walilia, wakashona, na mmoja akaanza kusimulia jinsi mama yao alivyokuwa akiwagombeza kwa Kipunjabi na Kiswahili katika sentensi moja, wakacheka pia. Shada lilitoka limepinda, upande mmoja mnene, upande mwingine umekonda. Sasa, sisi wa Jakaranda tunajua: kwa ua moja lililoinama, Mama Albertine hufumua kazi nzima mbele yako. Alilichunguza shada lile kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilimwona akigusa mkasi. Akauacha, akalifunika shada kwa kitambaa kibichi, akasema linatosha.

Na ndilo lililowekwa juu ya kifua cha Mama Harjit. Zamani Mama Albertine akishakabidhi maua alikuwa akitoka kupitia mlango wa nyuma. Siku ile binti mkubwa alimshika mkono, akamketisha kati yake na dada zake, safu ya mbele, naye akakaa hapo mpaka mwisho.

Mama Albertine, kwa niaba ya wote wa Jakaranda, asante. Asante kwa kutufundisha, na hata kwa kutugombeza. Mungu akupe siku nyingi za utulivu na wajukuu wasiochoka kukutembelea. Ulihofu kwamba kazi aliyokuachia Mama Harjit itakufia mikononi. Ilipokuwa nzito uliigawa, na rafiki yako akaagwa kwa mikono ya wanawe wote. Nenda salama, mama yetu. Huna deni na mtu.

Habiba, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako