Zacharie Anastaafu bila Tyra

Mheshimiwa Mjumbe wa Bodi ya idara yetu, uliyekubali kuja mpaka Sundbyberg Jumamosi ya mapumziko yako. Mchungaji Gratien, uliyetupa ukumbi huu. Mwenyekiti wa umoja wetu. Kaka Zacharie, mwenye siku. Mama zangu, baba zangu, ndugu wageni waalikwa: nawasalimu nyote, kila mtu kwa heshima yake.

Gaëlle, binti wa Zacharie, amekaa kando ya mheshimiwa akimtafsiria kwa Kiswidi. Mwanangu, nitakwenda polepole. Ukikwama, inua mkono nikungoje.

Ndugu zangu, leo tulipaswa kuwaaga wawili. Zacharie na mbwa wake Tyra walifanya kazi pamoja ya kutafuta watu waliopotea, na walipaswa kustaafu pamoja. Tyra alikufa mwezi uliopita. Alhamisi ijayo bodi itapiga kura kuamua kama fedha za umma zitatunza mbwa wanaomaliza kazi, na mimi sisemi kama mpita njia. Nafanya kazi hiyo hiyo. Mbwa wangu, Frej, ameanza kuchechemea.

Tuseme ukweli, tulimcheka sana Zacharie. Mtu mzima, baba wa familia, anatembea mtaa mzima wa Akalla na mbwa, anaongea naye kama shemeji yake! Harusini akija tulimnusa kwanza ndipo tumkumbatie. Yeye alicheka tu, akaomba mifupa ya mbuzi afunge kwenye karatasi. Na amri zote alimpa Tyra kwa Kiswahili, ili asije mtu mwingine akamwamrisha. Njoo. Tafuta. Lala.

Mheshimiwa, hilo neno la mwisho nikueleze. Mimi ni wa Uganda. Kwetu, nilipokuwa mtoto, Kiswahili tulikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa watu wenye bunduki. "Lala chini!" Baba yangu alilala chini na shati lake la kanisani, nami nikalala kando yake, na tangu siku hiyo sikutaka kulisikia neno hilo. Kisha nikaja kufanya kazi hapa, nikamkuta Mkongo mmoja, Zacharie huyu, amechuchumaa kwenye theluji akimwambia mbwa aliyechoka, "Lala, mama, lala kidogo." Nilienda nyuma ya gari nikalia.

Mnamkumbuka mama yake Sowedi? Bibi yule alitoka nyumbani Jakobsberg mwezi wa pili akiwa na kandambili miguuni, akidhani anakwenda sokoni Jinja, kule Uganda. Tyra alimkuta msituni, amejikunja chini ya msonobari, hasemi. Gari la wagonjwa lilikuwa mbali. Zacharie akasema, "Lala," na Tyra akalala, mwili wote ukimgusa bibi, hakuinuka mpaka wakaja na machela. Sowedi, jirani wa Zacharie, ni Mwislamu safi, mbwa hamgusi. Lakini tangu siku ile, kila alipokutana na Tyra kwenye lifti alimshikia mlango, akamwamkia, "Shikamoo, dada mkubwa." Sowedi, usiiname. Hakuna anayekucheka.

Mheshimiwa, tulipokuwa tunakunywa kahawa umeniuliza swali la haki kabisa. Umesema: tuna wazee wanaongoja huduma, je, mbwa awatangulie? Sitaki amtangulie mtu. Lakini yule bibi hakuwa mzee? Na yule aliyemfikia wa kwanza alikuwa nani?

Tyra alipokuwa kazini, umma ulimlipia kila kitu, chakula, chanjo, daktari. Nyonga zilipoharibika akaondolewa kazini mapema, kabla ya Zacharie, na makao makuu wakatumia neno lile mnalotumia kwa viti vibovu vya ofisi: avskriven, kufutwa kwenye daftari la mali. Gaëlle ameinua mkono. Ndiyo, mwanangu, hilo limeshakuwa Kiswidi, huna haja ya kulitafsiri. Zacharie akaruhusiwa kumchukua nyumbani, pamoja na maradhi yake yote. Alinunua dawa. Aliuza gari. Alimbeba ngazi kwa ngazi lifti ilipokufa, na mgongo wake mnaujua. Operesheni ilikuwepo, daktari alisema ingemfaa, ila hapakuwa na wa kuilipia.

Siku ya mwisho ya Tyra tulikwenda na Zacharie kwa daktari, mimi na Gaëlle. Daktari alishika sindano ya kumpumzisha, akaomba mbwa atulie. Tyra alikuwa anatetemeka, hamsikilizi daktari, kwa sababu Kiswidi hakukizoea. Ikabidi Zacharie mwenyewe aseme neno. Akalisema. Tyra akatii, kama alivyotii maisha yake yote, akamtazama aone kama amefanya vizuri.

Ninaumia, ndugu zangu. Sina namna nyingine ya kulisema hilo. Amri ile haikupaswa kutoka mdomoni mwake.

Kaka Zacharie, umewarudisha watu wa watu majumbani kwao, Waswidi kwa Wasomali, na hukuwahi kuuliza aliyepotea ni wa nani. Umoja wetu unakushukuru. Mimi nakushukuru kuliko wote.

Mheshimiwa, huyu mzee hana cha kupata Alhamisi. Mkikubali, Tyra harudi. Mkikataa, yeye hapotezi kitu tena. Juzi nilimpigia simu kumweleza habari za Frej, nikamwambia naogopa, naishi ghorofa ya nne, sijui nitafanyaje. Akaniambia, nami nayarudia maneno yake kama alivyoyatamka: "Dada Milly, bakikataa, umulete kwangu. Tutaangalia. Hii nyumba iko kimya sana."

Gaëlle, mtafsirie hayo, hata kama ni ya baba yako. Ndugu zangu, mmenivumilia na kunisikiliza mpaka mwisho; asanteni sana.