Mama Sekela Hakuua Diski

Mama Sekela Mwambene anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia Redio Lukosi kwa miaka ishirini na tisa. Kamati ya sherehe iliomba wasifu mfupi na wa kuchangamsha. Uchangamfu upo, lakini hasira nayo ipo, na hatutaifunika kwa maputo.

Alianza mwaka 1996 katika kituo chetu kidogo cha Mbeya, akiwa fundi mitambo mwenye cheti kizuri na sauti isiyohitaji kipaza sauti. Alipohamishiwa hapa Mlandege, wiki ya kwanza alimtoa mhasibu kwenye chumba cha mitambo kwa kosa la kuingia na kikombe cha chai. Wiki ya pili alimtoa Mwenyekiti wa Bodi kwa kosa hilohilo. Tukimsalimu kwa Kihehe, "kamwene", aliitikia kwa Kinyakyusa kwa makusudi, kisha akatutania kwamba ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ndio unaotufanya Wahehe tuongee polepole.

Kazi yake kubwa ni maktaba ya sauti. Kanda zilizokuwa zinaota ukungu alizihamishia kwenye kompyuta yenye diski mbili zinazohifadhi kitu kilekile kwa wakati mmoja, ili moja ikifa nyingine ibaki. Humo zimo kwaya, salamu za wagonjwa, wazee wa Idodi wakisimulia walivyohama, na sauti ya marehemu Paulo, mtangazaji wetu wa asubuhi. Mjane wake, Helena, ndiye anayetupikia chai hapa kazini. Kila siku ya kumbukumbu ya Paulo tunairusha sauti yake hewani, naye huacha birika lichemke na kusikiliza.

Sasa tuje kwenye Agosti 2023. Kulikuwa na jubilei ya redio, na Meneja wetu, Bwana Liberatus, alitaka mgeni rasmi akute kompyuta ya maktaba ina mfumo mpya. Mama Sekela alishauri jubilei ipite kwanza. "Mgeni anakuja kula pilau, haji kukagua mfumo," alisema kikaoni. Akajibiwa kwamba anapenda ubishi. Asubuhi ya sherehe mfumo ukabadilishwa, mashine ikazimwa na kuwashwa kwa amri ya Meneja, na haikuwaka. Ilibaki kioo cheusi na maandishi ya kulalamika kwamba diski haionekani.

Diski zilikuwa nzima, zote mbili. Mfumo wa zamani uliziita kwa pamoja jina moja, md0. Mfumo mpya ukazipa jina jingine, md127, wakati maelekezo ya kuwasha yalikuwa bado yanatafuta md0. Basi, ni hilo tu. Mama Sekela alilieleza palepale, akaongeza bila kuulizwa na mtu: "Hiyo md0 niliandika mimi, miaka ile. Ningeandika kitambulisho cha kudumu cha diski, leo tusingehangaika. Nipeni muda nirekebishe."

Muda hakupewa. Meneja aliagiza diski zifutwe na kila kitu kiwekwe upya kabla mgeni hajafika. Zifutwe! Kwaya, wazee, Paulo, vyote, kwa ajili ya mtu aliyekuwa anakuja kukata utepe. Mama Sekela alizima mashine, akachomoa diski zote mbili, akazifunga kwenye kitenge na kuzitia mkobani.

"Anayetaka kufuta aanze na mkoba wangu," alisema.

Akaenda kuketi safu ya tatu, mkoba mapajani, akapigia makofi kila hotuba, ya Meneja ikiwemo.

Kesho yake alizirudisha, akawasha mashine kwa flashi, akayaandika upya yale maelekezo yatafute kitambulisho kisichobadilika hata mfumo ukibadili jina. Mashine ikawaka. Hakikupotea hata kipindi kimoja, na kumbukumbu ya Paulo ilipofika, Helena aliacha birika kama kawaida.

Na shukrani aliyopewa ni hii. Katika kikao cha Septemba, mbele yetu wote, Bwana Liberatus alisema: "Mama huyu ametuulia diski, na amekiri mwenyewe." Amekiri nini? Alikiri jina aliloliandika. Amri ya kuharakisha na amri ya kufuta hazijakiriwa na mtu hadi leo. Akaondolewa kwenye mitambo, akapelekwa stoo kugawa balbu na karatasi. Maneno yale yakatoka getini. Sokoni bado wapo wanaomwita Muua Diski, na wengine humwambia huku wanampimia nyanya.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, kamati ikitegemea kusikia godoro au jiko la gesi, alijibu: "Nataka niondoke na jina langu."

Meneja yumo kwenye ratiba ya leo, mara baada ya sala. Maneno aliyoyasema mbele ya wafanyakazi ayafute mbele ya wafanyakazi, kwa sauti ileile. Keki inafuata baada ya hotuba yake. Kisu anacho Helena, na amesema hatakitoa mpaka asikie.

Mama Sekela, ndaga fijo, asante sana. Maktaba inawaka kila asubuhi kwa kazi ya mikono yako. Rudi Mbeya ukapumzike, ulale usingizi mzuri, ubishane na majirani wapya. Afya njema na siku nyingi, Fundi Mkuu.