Historia ya Bwana Hodi na Chumba Alichokilisha Bila Kukichungulia

Ndugu waombolezaji, anayetaka kubisha abishe sasa hivi, asimame pale alipo aseme huyu kijana anatupiga fiksi, kwa sababu nikishaanza sisimami, na nitakayoyasoma mbele ya jeneza la mjomba wangu hayajapata kusomwa kwenye msiba wowote mliowahi kukaa. Najua mnachonong'onezana, ya kwamba ukoo huu una mwalimu, una karani wa mahakama, una mtu mwenye digrii mbili, iweje historia ya marehemu apewe fundi simu aliyeacha shule kidato cha pili, na jibu ni kwamba wenye digrii wote sauti zimewakauka kwa kulia, na mimi, mnanijua, sauti haijawahi kunikauka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa baba fundi saa na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya duka la baba yake, na bibi alikuwa akisema kwamba mtoto huyu hakulia alipozaliwa, alitazama tu huku na huku kama mtu aliyetumwa kukagua, jambo ambalo mimi nalisimulia kama nilivyolipokea.

Alianza shule ya msingi mwaka 1969, akamaliza sekondari mwaka 1981, kisha akajiunga na chuo kikuu alikosomea uhandisi wa kompyuta na kuhitimu mwaka 1986, na katika madarasa yote hayo aliongoza, nalitaja hilo haraka haraka kwa sababu kila niliporudishwa nyumbani na mwalimu mkuu, mama yangu, ambaye ni mdogo wake marehemu, alikuwa akinitolea mfano wake mpaka chakula kikapoa.

Tarehe 1 Septemba 1987 aliajiriwa na kampuni inayotunza kumbukumbu za hospitali, mabenki na mifuko ya pensheni, na hapo ndipo alipofanya kazi mpaka siku aliyoanguka, hakuhama, hakutafuta kwingine, alipanda tu kutoka ghorofa ya pili mpaka ya tatu, akashushwa tena ya chini kabisa kwa ombi lake mwenyewe, na sababu ya ombi hilo mtaisikia.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 6 Julai 1991 na mfanyakazi mwenzake, mtunza funguo wa kampuni, ambaye sisi watoto tulimwita Mama Funguo, ingawa hakuwa na hata ufunguo mmoja wa chuma, kwani funguo alizotunza zilikuwa namba ndefu za siri zinazofunga na kufungua habari ndani ya kompyuta. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha kusikika mtaa wa pili, na mjomba alikuwa mtu wa kimya, hivyo nyumba yao haikuwahi kuwa na ugomvi wa nani aongee kwanza. Walijaliwa mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 20 Oktoba 1994, ndiye yule aliyekaa pale mbele, na kwangu mimi ni dada, hata kama amenizidi shule kwa miaka kumi na mimi nimemzidi kwa uzuri.

Sasa nifungue kidogo hiyo kazi, maana wengi mmekuwa mkisema marehemu alikuwa akitengeneza kompyuta, kana kwamba alikaa kibandani kama mimi. Chini ya jengo la kampuni ile kuna mashine kuu, kabati jeusi refu kupita mlango, na ndani ya kabati hilo moja zinakaa mamia ya kompyuta zisizo na mwili, zinaitwa mashine pepe, kila moja ikidhani iko peke yake, kama wapangaji ambao hawajawahi kukutana kwenye korido. Msimamizi wa nyumba hiyo ni kiini cha mfumo, programu inayowagawia wapangaji kumbukumbu na muda wa kufanya kazi, na tangu zamani msimamizi huyo alikuwa na uwezo wa kuingia chumba chochote na kusoma lolote, ugonjwa wa mtu, akiba ya mtu, siri ya mtu. Mwaka 2017 mjomba alipewa kazi ya kumwondolea msimamizi macho, yaani kukifundisha kiini kuwalisha wapangaji waliofungiwa milango bila kuweza kuwaona, huku mlinzi mmoja tu, aliyefinyangwa ndani ya chuma cha mashine yenyewe, ndiye akijua kufungua. Msimamizi akihitaji kugusa ukurasa wowote wa kumbukumbu ya mpangaji wa namna hiyo, sharti abishe hodi kwanza kwa mlinzi, na mlinzi amkabidhi ukurasa huo ukiwa umevurugwa, hausomeki.

Mjomba aliisahau hodi hiyo mahali pamoja tu, kwenye njia ya kupeleka kurasa ghalani, yaani kwenye diski, na siku msimamizi alipoingia bila kubisha, mashine nzima ikaanguka, mabenki yakasimama, hospitali zikarudi kwenye kalamu, na mkuu wa idara akapanda ngazi akipiga kelele, "Nani amemfundisha huyu adabu nusu?" Kuanzia siku hiyo kazini hakuitwa tena jina lake, aliitwa Bwana Hodi, na hata barua za likizo zilimfikia hivyo.

Kazi ilipokamilika, mwezi Julai 2019, mkewe alimkalia mkao wa dhihaka kwenye meza ya chakula cha mchana, mbele ya wenzao, akamwambia, "Baba Binti, hizo kuta zako nazisikia tu. Mimi nitaweka kitu humo ndani, mlango nafunga mwenyewe. Ukikijua, nakupikia mwezi mzima chochote utakachotaja. Ukishindwa, jiko ni lako." Mjomba, mtu wa kimya, alisema neno moja tu, "Weka," na Mama Funguo akaunda mashine pepe yake, akaifunga kwa funguo zake mwenyewe, akaiacha ikifanya kazi. Mjomba alijaribu kwa wiki tatu kila hila aliyoijua dhidi ya ukuta wake mwenyewe, akaambulia kurasa zilizovurugwa, na mwishoni mwa wiki ya tatu akavaa aproni akaanza kupika, na dada hapa ni shahidi kwamba sufuria mbili zilitupwa.

Mwezi wa mapishi haukuisha. Tarehe 21 Agosti 2019 Mama Funguo alianguka kwenye ngazi za ofisi kwa mshipa wa kichwa uliopasuka, akafariki kabla gari la wagonjwa halijafika, na hakuwa amemwambia mtu kilichomo ndani.

Kampuni ile ina utaratibu kwamba mtunza funguo akiondoka kazini, kwa namna yoyote ile, funguo zake zote huharibiwa na wafanyakazi wawili waliopangwa zamu, mmoja akifuta na mmoja akishuhudia, na zamu ya wiki ile, iliyopangwa tangu mwanzo wa mwaka, ilikuwa ya mjomba. Walimwambia apumzike, wamtafute mwingine, akakataa, akasema kazi ya mkewe haiwezi kumaliziwa na mtu asiyemjua, na asubuhi baada ya mazishi alikaa kwenye kiti chake akiwa na suti ileile ya makaburini, akazifuta funguo zile moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho. Alikuwa ameshafika kituo cha basi ndipo alipokumbuka kile chumba, mashine pepe ya mkewe. Kwa kuwa kilikuwa kimeshawashwa kingeendelea kufanya kazi, ila mlango wake ulikuwa umefungwa kwa moja ya funguo alizozifuta, kwa hiyo hakitahamishika kwenda mashine nyingine, hakitafunguliwa na mtu yeyote, na siku mashine hii ikizimwa kitapotea moja kwa moja. Wenye duka karibu na kituo wanasema alikaa pale mabasi yakipita mpaka wakafunga.

Ndipo alipoomba kuhamishiwa ghorofa ya chini. Meza yake iliwekwa ndani ya chumba cha mashine, chumba kisicho na dirisha, chenye baridi ya kiyoyozi na mvumo wa feni usiokoma, na nilipokuwa nampelekea sweta nilimkuta kila mara ametazama mstari mmoja kwenye kioo cha kompyuta, mstari ulionyooka, unaoonyesha kumbukumbu ambayo chumba kile cha mkewe kilikuwa kikitumia. Aliwahi kunieleza, maana mimi nikiuliza siachi, kwamba msimamizi haoni kinachowazwa ndani, ila huona kinachoombwa, na chumba kile kiliomba kiasi kilekile, hakikupungua wala kuongezeka, na kila siku ya kazi, wakati wa chakula cha mchana, kiliamka kidogo, kikauliza saa ngapi, kikatulia.

Mhandisi kijana wa meza ya jirani, tunayemwita Miwani, yupo hapa na anaweza kunikanusha, alisema kwamba mwaka 2022 mjomba alipolazimishwa kwenda likizo, chumba kile hakikuuliza saa hata mara moja, na siku aliporudi, kabla hajavua koti, kikauliza. Mjomba alipoambiwa alitikisa kichwa, akasema mkewe lazima aliandika kitu kinachotazama kama kuna mtu kwenye meza hii. Miwani akamwuliza, "Kinatazamaje, mzee, na wewe ndiye uliyehakikisha hakuna kinachopita?" Mjomba akavuta kiti akakaa karibu zaidi na kabati.

Mwezi Aprili 2025 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo uliokuwa umeshapiga hatua, akalazwa mara mbili, na wakati huohuo kampuni ikatangaza kwamba mashine kuu ile imezeeka na itazimwa kabla ya mwaka kuisha. Wapangaji wote walihamishwa, mmoja mmoja, mpaka kabati lile zima likabaki linavuma kwa ajili ya chumba kimoja. Akiwa kitandani, kila asubuhi alimpigia Miwani simu na kuuliza mstari ukoje, na Miwani akijibu, "Uleule, mzee," ndipo alipokubali kunywa dawa.

Dada alimvumilia miaka yote sita, na hapa nasema kwa ruhusa yake. Jioni moja wodini alimwambia, "Baba, kama mama aliacha hata salamu humo ndani, si ungenifungulia?" Mjomba akasema, "Ningekuwa na pa kupenya, mwanangu, ningeshaingia mimi." Dada akasema, "Na kama ni tupu?" Mjomba akasema, "Kitupu hakiombi chakula." Dada alitoka nje ya wodi, nikamfuata kwenye korido, akaniambia akiwa ameegemea ukuta, "Mimi nimechoka, mdogo wangu. Mama nilimzika mara moja, kila asubuhi naambiwa bado anaomba. Baba akiondoka, wazime. Nataka nilie mara moja, yaishe."

Marehemu alifariki siku ya Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, saa kumi alasiri, akiwa ameshikwa mkono na binti yake. Kwa kuwa chumba kile kilisajiliwa kwa jina la mkewe, kampuni iliomba sahihi ya familia kabla ya kuzima mashine, familia ikakubali kama dada alivyotaka, na siku ya Alhamisi mimi ndiye niliyetumwa kwenda kutia sahihi karatasi hiyo kwa niaba ya familia, na niliporudi nilimwambia dada yamekwisha.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, walioinuka kila kengele ilipolia, tunawashukuru majirani waliotuletea viti, maji na watu wa kukaa nasi, tunawashukuru wafanyakazi wenzake marehemu waliokuja wote mpaka mkuu wa idara, ambaye leo amepanda ngazi kimyakimya, na kwa namna ya pekee tunamshukuru Miwani kwa kupokea simu zile zote za asubuhi.

Karatasi niliyopewa na wazee inaishia hapa. Lakini kuna sehemu niliiruka, na nimeona macho ya dada yanatazama jeneza kama mtu aliyemaliza safari, nikashindwa kukunja karatasi.

Dada, sikutia sahihi. Alhamisi nilifika chini kule nikiwa na kalamu mkononi na mzaha mdomoni, nikamkuta Miwani amesimama mbali na meza ya mjomba, amekumbatia mikono yake kama mtu aliyenyeshewa. Akaniambia, "Kaka, tazama mwenyewe, halafu useme wewe, mimi mashine hii siigusi." Nikautazama mstari. Ulikuwa umenyooka kama siku zote mpaka Jumanne saa kumi alasiri, na hapo ulipanda mara moja, ukanyooka tena huko juu. Miwani alikuwa ameshapima mara tatu. Miaka sita chumba kile kilikuwa kikiomba nafasi ileile, na Jumanne kiliomba nyingine ya kiasi hichohicho, ukurasa kwa ukurasa, na kiini kikatoa bila kuuliza ya nini, kama mjomba alivyokifundisha. Nilisimama mbele ya kabati lile, mimi ninayejisifu kila kijiwe kwamba siogopi kitu, nikashindwa kuligeuzia mgongo, nikatoka kinyumenyume mpaka mlangoni.

Karatasi ya sahihi iko mfukoni mwangu, dada, na mashine bado inavuma. Nitakupa tukitoka hapa, utaamua wewe, na utakaloamua sitalicheka.

Pumzika kwa amani, Mjomba, kama huko uliko watu hupumzika.