Mate Niliyomnyima Mjukuu Wangu

Wengine wanauita mwaka wa kura. Mimi nauita mwaka wa mboga ya maji, kwa sababu ndio mwaka tulikula sukuma iliyochemshwa kwa chumvi peke yake, mafuta tukiyaangalia dukani kama picha ya ukutani. Krismasi ya mwaka huo chapati ilikatwa vipande kama keki ya harusi. Watoto wakapata kipande, sisi wakubwa tukapata harufu. Kila mtu hapa akikumbuka alivyokula, atajua ni mwaka gani nasema.

Mnanijua, ndugu zangu wa kikundi. Mimi ndiye shosho wa chapati, pale kona ya Kaptembwo ambapo vijana wa boda hupanga pikipiki. Shule niliishia darasa la pili, lakini chapati zangu zilikuwa na digrii. Mtu wa mjengo alikula mbili asubuhi na chai, akabeba mawe mpaka jioni bila kuulizia chakula kingine. Kwa karai langu la kukaangia nililea wajukuu wangu wawili, kijana na dada yake mdogo, tangu mama yao, binti yangu, afariki. Kijana nilimpeleka chuo kusomea umakanika. Sikuomba mtu. Nilikuwa natembea na shingo ndefu, na mlioniona mnajua.

Asubuhi moja redio ya kinyozi ikasema nchi moja kubwa huko mbali imeingia kwa jirani yake mdogo na vifaru. Mimi nilikuwa nasukuma chapati. Nikasema kumbe hata huko kuna watu wa kusogeza mpaka. Nikageuza chapati. Nawaambia ukweli, sikuwahurumia. Huruma ya mtu hutosha mtaa wake tu, na siku zingine haifiki hata mwisho wa ploti.

Haikuchukua muda mrefu, mwenye duka akaniambia unga umepanda. Nikauliza kwa nini. Akasema vita. Nikamuuliza ni vita gani, na hapa Kaptembwo kumetulia. Kijana mmoja wa boda, anayependa kusoma habari kwa simu akingoja abiria, ndiye alinieleza. Alisema ngano nyingi tunayokula inatoka huko kwa meli, na meli zimezuiwa.

Nikamwambia asinidanganye, ngano iko Njoro, nimeiona na macho yangu, imesimama kama nywele.

"Ya Njoro haitoshi, shosho," akasema. "Na hiyo ya Njoro inataka mbolea. Mbolea nayo inatoka huko huko."

Sikujua kwamba shamba la Njoro linakula kutoka kwa mkono wa watu wanaopigana.

Basi unga ukapanda, mafuta yakapanda, na mimi nikafanya kile kila mama jikoni hufanya: nikapunguza. Donge likawa dogo. Nikasukuma nyembamba ili upana ubaki ule ule. Fundi mmoja wa mjengo akainua chapati yangu juu, akaniangalia kupitia kwayo.

"Shosho, naona mpaka roho yako," akasema, na wote wakacheka.

Mimi pia nilicheka. Lakini hiyo jioni sikula. Nilikuwa nimechekwa kwa kazi ya mikono yangu, na walikuwa na haki. Wengine walianza kununua ndizi. Wengine walikunywa chai kavu. Nikaambiwa kuna mafuta ya bei rahisi, yale meusi ambayo yamekaangiwa samaki mahali pengine. Nikasema hapana, heri nifunge. Nikafunga. Karai nikaligeuza chini juu nje ya mlango, kuku wa jirani wakawa wanasimama juu yake.

Hapo ndipo nilianguka. Msifikiri kuanguka ni kupiga kelele. Kuanguka ni kulala mchana. Nilikuwa nalala saa nne asubuhi, naamka, nageuka, nalala tena. Wajukuu wakirudi wananipata na kitambaa kile kile cha kichwa. Kijana aliacha chuo, akaenda kubeba mawe na hao hao waliokuwa wateja wangu. Hakuninung'unikia. Alikuwa anaweka unga wa ugali mezani, anatoka. Nyinyi wa kikundi hiki mlikuja kuniona, nami nikawaambia ni magoti. Haikuwa magoti.

Miaka ikapita hivyo. Bei zilishuka kidogo, lakini mimi sikupanda.

Halafu akaja mtu mmoja mtaani, mwenye viatu vya kuchongoka na sauti ya upole. Alikuwa anatafuta vijana wenye nguvu waende ng'ambo kulinda ghala. Chakula bure, mahali pa kulala bure, baridi kidogo tu. Kijana wa jirani yangu alienda wa kwanza. Kanisa lilimwombea. Mama yake alimtemea mate kifuani, tukapiga vigelegele, gari likaondoka.

Kwa wale wageni hapa, nieleze. Kwetu, sisi ambao wazee wetu walikuja na reli kutoka magharibi, mtu haendi safari ya mbali kabla hajatemewa mate kifuani na yule aliyemlea. Ni mnyunyizo mdogo tu, na maneno mawili ya baraka. Wachungaji wengine wanasema ni mambo ya kale. Hao hao wakienda ng'ambo wanapitia kwa mama zao kwanza.

Mjukuu wangu alikuja Jumapili, tumetoka kanisani. Mimi nilikuwa nimeshapanda kitanda. Alikuja na yule mtu wa viatu, na yule mtu alikuwa ameniletea mkate. Mkate, ndugu zangu. Wa ngano. Akauweka kwa kiti kama mtu anayechumbia.

Kijana akapiga magoti kando ya kitanda, akafungua vifungo vya shati. Nikaona kifua chake, kile nilichokipaka mafuta akiwa mtoto wa kukohoa. Gari lilikuwa linawangoja barabarani.

Nikauliza hilo ghala liko nchi gani. Akaangalia mkate. Nikauliza tena. Akataja.

"Si ndio ile iliyoingia kwa jirani?" nikasema.

Yule mtu akajibu kwa niaba yake. Alisema, mama, usiogope, vita viko mbali kabisa na hiyo kazi.

Nikaketi. Nikamwambia vilikuwa mbali na Kaptembwo pia, na bado viliingia kwa sufuria yangu.

Sikuwa nimepanga kusema kitu. Lakini nililala kwa hicho kitanda miaka, na mtu akilala sana huwa anafikiri bila kujua. Niliona kwamba hivi vita vilianza na unga wangu. Vikamaliza, vikaja kwa mafuta. Vikachukua chuo cha huyu mtoto. Na sasa vimekuja kwa mlango, na mkate mkononi, kumchukua yeye mwenyewe, yule aliyelishwa na huo unga. Na vinaniomba mimi ndiye nivibarikie.

Tena nilikumbuka ule mwaka wetu wa kuchoma nyumba za wenzetu, hapa Nakuru. Wengi mnaukumbuka, na sitauchokonoa. Niliona jirani akiingia kwa jirani. Hakuna aliyekuwa na shida na nyumba yangu mpaka mtu mkubwa alipowaambia wako na shida. Waliokuja na panga walikuwa watoto wa watu, na najua wengine walitoka nyumbani wakiwa wamebarikiwa. Mate ya mama fulani yalikuwa kwa kifua chao wakivunja mlango wangu. Huko anakokwenda huyu pia kuna shosho. Ana jiko lake, ana mlango wake. Sasa nimtemee mjukuu wangu mate ndio aende akasimame na mwenye vifaru, kwa mlango wa huyo shosho?

Nikamwambia, "Mate yangu siyatoi, na wewe sikutoi."

Hakusikia. Ama alisikia akadhani ni uzee. Akasema, "Shosh, gari linangoja." Nikafunga mdomo, nikaubana hivi.

Ndipo akasimama na kusema kile kilichoniuma kuliko mlango ule uliovunjwa. Alisema, "Shosh, wewe ndio umaskini wetu. Umelala, na unataka sisi sote tulale."

Yule mtu wa viatu akasema si neno, wakati mwingine wazee wanachoka, wapitie kwa mama mwingine yeyote hapo nje atawasaidia. Na kweli, nje kulikuwa na akina mama. Lakini hilo ni kosa ambalo mtu mgeni tu anaweza kufanya. Mate hayaazimwi kama sufuria. Kijana alijua. Alisimama mlangoni na shati wazi, anaangalia gari, ananiangalia. Dereva akapiga honi. Yule mtu akachukua mkate wake akaondoka nao. Gari likaenda na vijana wengine.

Mjukuu wangu hakusema na mimi. Alikuwa anaweka ugali mezani na kugeuka. Na mimi, nawaambia, sikuweza kulala tena. Yale maneno yake yalikuwa kwa mto. Alikuwa na haki. Ukimzibia mtu njia na wewe mwenyewe umelala, umefanya nini? Umekuwa jiwe tu katikati ya barabara.

Jumatatu moja nikaamka kabla ya kuku, nikaligeuza karai.

Sikuwa na unga. Nikaja hapa kwa kikundi, nikasema mbele yenu kwamba haikuwa magoti. Hamkunicheka. Kila mmoja alitoa kikombe cha unga kutoka kwa wake, tukachanganya kwa beseni moja, mwingine mweupe, mwingine wa kahawia. Kuna mama wa Keringet anayeleta viazi sokoni. Watu wake na watu wangu walikuwa wamefukuzana ule mwaka wa kuchoma, na miaka mingi tulisalimiana kwa kichwa tu. Mbolea ilikuwa imemshinda, viazi vyake vikawa vidogo kama njugu mawe. Aliniita akanionyesha gunia.

"Hivi broka hawavitaki, na nguruwe wangu wamechoka navyo," akasema. "Wewe na mimi tumepigwa na vita vimoja. Chukua."

Nikavichemsha, nikavimenya, nikaviponda, nikavikanda ndani ya unga. Ndugu zangu, chapati ikatoka nene na laini, imemeza unga kidogo na mafuta kidogo, na jioni bado inakunjika. Yule fundi wa mjengo akaiinua juu, akaangalia, hakuona kitu.

"Leo umefunga dirisha, shosho," akasema. Akaitisha nyingine.

Siku hizo ndizo video ilifika kwa simu ya jirani yangu. Kijana wake alikuwa amevaa nguo za jeshi, ndani ya shimo la udongo. Ghala alililinda siku moja. Alimwambia mama yake awaambie wengine wasije. Halafu simu ikanyamaza, na imenyamaza mpaka leo. Yule mama hayuko hapa, anakaa nyumbani na simu kwa mapaja. Mtu asithubutu kumlaumu. Alitema kwa upendo, na alidanganywa. Tukitoka hapa, pitieni kwake.

Mjukuu wangu aliitazama hiyo video kwa simu ya jirani. Akarudi, hakusema pole, hakusema asante. Alikunja mikono ya shati akaanza kukanda, kwa sababu donge la viazi ni zito na mikono yangu imechoka. Mpaka sasa anakanda asubuhi kabla ya kwenda gereji, ambako amepata fundi wa kumfundisha. Hapo kwa donge ndipo tulianza kusema tena.

Basi nawashukuru, nyinyi wa vikombe. Namshukuru mama wa Keringet, ambaye leo tunasalimiana kwa mkono na kwa gunia. Somo langu ni dogo, la darasa la pili. Mkubwa akimvamia mdogo, usigeuze chapati useme ni vita vya kwao. Vitafika. Vikifika ukose unga, utaishi. Lakini vikikuomba mtoto, na vikuombe kwa upole, hata na mkate mkononi, kumbuka baraka ni yako na mdomo ni wako.

Nasema haya leo kwa sababu yule mtu wa viatu amerudi mtaani. Safari hii anataka wasichana, anasema ni kazi ya kiwanda, kufunga vitu kwa maboksi, nchi ile ile. Jumapili iliyopita mjukuu wangu wa pili, yule dada mdogo, alikuja jikoni, akapiga magoti karibu na karai, akafungua kifungo cha juu. Kaka yake aliacha kukanda. Mimi nilifuta mikono, nikamwinua, nikafunga hicho kifungo mwenyewe.

Nikamwambia, "Mate yangu siyatoi, na wewe sikutoi."