Safari Hii Mzee Augustine Hakagui Matairi

Baada ya miaka kumi na tisa katika karakana yetu ya Muaither, huku ughaibuni, Mzee Augustine Makokha, fundi mkuu wa matairi, anastaafu rasmi tarehe 30 Novemba. Uongozi umenipa kazi ya kuandika wasifu huu, na umenipa pia kazi yake. Wasifu ndio rahisi.

Mzee alianza hapa akiosha karavani za kukodisha, vile vijumba vya magurudumu vinavyovutwa na gari. Alipandishwa cheo alipowaonyesha wakubwa kwamba karavani zikisimama juani kiangazi kizima, matairi hukauka na kupasuka ubavuni huku meno yangali marefu. Ndiyo maana dukani husoma kwanza mwaka tairi lilipotengenezwa, kisha uzito linaoweza kubeba. Tairi la gari dogo hulirudisha, hata kama linaingia vizuri kwenye rimu. Husema afadhali tairi kipara, maana halifichi umri. Tukitazama kichwa chake, hatubishi.

Akishabalansi magurudumu kwenye mashine na kugongea rimuni vipande vya risasi vya kusawazisha uzito, huweka kikombe cha karak mezani ndani ya karavani, ikavutwa kuzunguka yadi. Chai ikimwagika, kazi inarudiwa. Harun, dereva wetu, hulalamika kwamba ni matuta tu. Mzee hurudia hata hivyo. Hakuna familia iliyowahi kukwama njia ya jangwani kwa tairi alilolifunga yeye. Sifa hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Maana kesho, kama zawadi ya kumuaga, tunampeleka kupiga kambi Sealine, kwenye vilima vya mchanga, yeye ambaye hajawahi kulala katika karavani hata moja. Matairi ya karavani atakayolalia nimeyachagua mimi, nimeyabalansi mimi. Karak yangu ilimwagika, nikarudia. Ikamwagika tena, kidogo. Nimepima upepo mpaka Harun akanificha geji. Naogopa, sifichi. Leo nilimwomba Mzee apitishe jicho, japo mara moja. Alifuta mikono taratibu.

"Chebet, mimi kesho ni abiria," akasema. "Niletee karak tu, kikombe kijae."

Kisha akaenda kumuuliza Harun kama jangwani kuna baridi ya kuhitaji blanketi.

Mzee wetu, asante kwa kila familia iliyorudi salama. Tunakuombea pumziko jema nyumbani Kakamega, afya, na wajukuu wasiokuchosha. Karak yako itakuwa tayari asubuhi, imejaa hadi ukingoni kama ulivyoagiza. Tafadhali, piga funda moja kabla hatujaondoka.

Chebet, karakana