Bhalchandra Karkhanis na Hati Aliyokataa Kuisaini

Leo, tarehe 31 Machi 1936, siku ya mwisho ya mwaka wa fedha, Bwana Bhalchandra Moreshwar Karkhanis, karani wa pili wa Manispaa ya Karanjkhed, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na sita na miezi karibu tisa. Kwa maelezo yake mwenyewe, amefanya kazi chini ya wenyeviti saba, Wakuu wa Wilaya kumi na tisa na sheria tatu za manispaa. Wenyeviti na wakuu huwataja kwa heshima. Sheria huzitaja kwa mapenzi.

Aliajiriwa tarehe 3 Julai 1899, akiwa na umri wa miaka kumi na minane, kwenye kizuizi cha ushuru cha barabara ya Dhule. Kila gari la ng'ombe lililoingia mjini na samli, tumbaku au sukari guru lilisimama mbele yake. Wenzake walipiga kelele na wenye magari mchana kutwa. Yeye aliinakili orodha ya viwango kwa Kimarathi, akaibandika kwenye ubao, na asiyejua kusoma akamsomea. Foleni ikawa fupi, na msimamizi wake akalalamika kwamba kizuizi kimepooza.

Mwaka 1903 aliletwa ofisini kuwa mfasiri. Serikali ilituletea sheria na kanuni kwa Kiingereza, naye akazigeuza ziwe Kimarathi cha watu wa Karanjkhed. Kazi hiyo ilimletea sifa, na safari moja ikamletea nyati.

Ilikuwa mwaka 1906. Kamati ya Manispaa ilipitisha kanuni kwamba kila mnyama mjini avae kibati cha shaba shingoni, na mwenye mnyama alipie kibali. Karkhanis alikabidhiwa ukurasa wa pili peke yake. Ukurasa wa kwanza, uliobaki kwenye meza ya Mwenyekiti, ulieleza kuwa katika kanuni hizi neno "mnyama" maana yake ni mbwa. Mbiu ikapigwa Jumapili. Jumatatu asubuhi uani kwetu kulikuwa na nyati wa maziwa wapatao arobaini, mbuzi wasiohesabika na punda mmoja wa dobi.

"Bwana Karani," muuza maziwa mmoja alimwita kupitia dirisha, "huyu wangu wa mbele ana mimba. Ndama naye nimlipie sasa hivi, au nisubiri azaliwe?"

Karkhanis alitoka nje, akapanda juu ya ngazi, akawaomba radhi watu na wanyama wao. Kisha akazunguka mji siku mbili kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kusahihisha neno moja. Tangu hapo hakukubali kufasiri ukurasa wowote bila kuuona ule unaoutangulia. Sisi makarani tuliokuwa vijana wakati ule tulimcheka sana.

Hadi hapa mwandishi ameandika kama Kamati ilivyomwagiza. Lakini jambo kubwa kuliko yote katika utumishi wa Bwana Karkhanis haliwezi kuelezwa bila kumtaja mwandishi mwenyewe. Nilimwendea wiki iliyopita kumwomba ruhusa.

"Andika," aliniambia, "ila tarehe zisikosewe."

Basi tarehe ndizo hizi. Mwaka 1913 mji wetu ulikuwa unapata bomba la maji kutoka mto Girna. Bomba lilifika mitaa mitano kati ya saba. Haukufika mfereji kwa watengeneza ngozi, wala mtaa wa wafagiaji. Mwenyekiti, marehemu Raosaheb Shivram Jagtap, mwenye kinu cha pamba, alitaka kodi ya maji itozwe mitaa yote saba kwa kiwango kimoja. Sheria ya mwaka 1901 ilituruhusu kuanzisha kodi mpya, lakini kwanza tuitangaze kwa watu, tuwape mwezi mzima wa kupinga, na mapingamizi yao tuyasikilize kabla ya kuomba kibali cha Serikali.

Tangazo lilibandikwa tarehe 10 Februari. Lilikuwa la Kiingereza, kwenye ubao ulio nyuma ya mlango wa ofisi. Tarehe 20 Raosaheb alikuja na hati inayothibitisha kwamba tangazo limetolewa kwa lugha ya wenyeji katika mitaa yote. Akaiweka mbele ya Karkhanis. Meza yangu ilikuwa hatua mbili kutoka pale.

"Weka saini, Karkhanis. Mambo ya kawaida haya."

"Raosaheb, hati inasema tangazo limetolewa kwa Kimarathi. Halijatolewa."

"Si lipo ubaoni?"

"Lipo kwa Kiingereza, na mlango ukifunguliwa linafunikwa."

"Nafasi ya karani mkuu itakuwa wazi mwakani. Unajua hilo?"

"Najua."

"Na bado?"

"Na bado tangazo halijatoka, Raosaheb."

Raosaheb akawaka. "Basi litoe wewe! Mpiga mbiu sikupi, na karatasi ya ofisi usiguse!"

Alisema kwa kejeli. Karkhanis alifungua kitabu chake cha kazi akaandika, nami nilimwona akiandika: "Leo Mwenyekiti ameniagiza nitangaze kodi ya maji kwa Kimarathi. Siku zilizobaki, ishirini."

Kisha Raosaheb akageuka, akaiweka hati juu ya meza yangu. Nikaisaini. Nilikuwa na sababu zangu na wakati ule zilionekana nzito. Leo nikijaribu kuzihesabu sizioni zote.

Kuanzia jioni ile, kazi ikiisha, Karkhanis alivaa kilemba chake na kwenda mitaani na karatasi alizonunua mwenyewe. Mitaa mitano alimaliza kwa wiki moja. Ukabaki mtaa wa wafagiaji na ule wa watengeneza ngozi, ambako mtu wa tabaka la juu kama lake hakuwa na desturi ya kuingia. Siku ya kwanza aliyorudi kutoka huko, mama yake alimsubiri mlangoni na ndoo.

"Umetoka kwa wachuna ngozi? Usiguse kizingiti changu! Kaoge kwanza, na nguo hizo ziache huko huko nje."

Akaoga uani, na maji ya Februari ni baridi. Kesho yake akarudi kule tena, na jioni akaoga tena.

Kwa watengeneza ngozi alikutana na Bhagirathi Ingle, mwanamke wa makamo ambaye mumewe na wanawe wawili walikuwa wakifanya kazi kwenye mashimo ya kulowekea ngozi. Karkhanis alisimama katikati ya uwanja akasoma tangazo lote, vifungu kumi na viwili. Bhagirathi ndiye aliyeuliza.

"Hiyo kodi ni ya maji gani?"

"Ya bomba, mama."

"Bomba liko wapi?"

"Kwenu bado. Limeishia mtaa wa masonara."

"Kwa hiyo masonara wanywe, sisi tulipe?"

"Kanuni ndivyo inavyosema. Lakini sheria inawapa haki ya kuipinga kabla ya tarehe 12 Machi."

"Tuipinge kwa nani?"

"Kwa Kamati."

"Kamati hiyo hiyo inayotutoza?" Watu wakaangua kicheko. "Bwana Karani, yaani mwizi akiingia kwangu nimpelekee yeye mwenyewe mashtaka?"

"Mpelekee kwa maandishi," Karkhanis alijibu bila kucheka. "Kamati inalazimika kuyapokea, kuyasoma na kuyajibu, na majibu yake yanakwenda Serikalini. Asiyeandika, itahesabiwa kuwa amekubali."

Kicheko kikaisha. Bhagirathi akaingia ndani, akatoka na bakuli la shaba lenye maji ya rangi ya chai, maji ya kisima kilicho kando ya mashimo ya ngozi.

"Onja basi, uandike ladha yake."

Karkhanis hakulipokea bakuli; watu wa tabaka lake hawakunywa maji ya mtaa ule. "Nitaandika kwamba nimeyaona," alisema.

"Kuyaona hata kunguru anayaona."

Haya hakunieleza mtu mwingine, amenieleza mwenyewe. Anasema katika miaka yote ya kazi, hakuna saa anayotamani airudie zaidi ya ile. Lakini jioni ile alikaa chini kwenye uwanja ule ule, akaandika mapingamizi kwa niaba ya kila aliyetaka, hadi karatasi zikamwishia.

Tarehe 11 Machi asubuhi Bhagirathi alikuja ofisini na mfuko wa ngozi kichwani. Ndani mlikuwa na mapingamizi mia tatu na kumi na mawili, mengi yakiwa na alama ya dole gumba. Daftari la barua zinazoingia lilikuwa kwangu siku ile. Nilimwambia aweke mfuko chini aende.

"Siweki chini," alisema. "Nipe stakabadhi kwanza."

"Stakabadhi ya nini?"

"Ya kwamba umepokea. Bwana Karani Karkhanis amesema nisiondoke bila hiyo."

Nilimpa. Mkono ulioandika stakabadhi ile ndio uliosaini hati ya uongo, na hati hiyo na nakala ya stakabadhi vilikwenda kwa Mkuu wa Wilaya katika jalada moja.

Mkuu wa Wilaya wa wakati ule, Mwingereza mkavu asiyependa safari, alikuja mwenyewe mwezi Aprili. Aliketi kwenye kiti cha Mwenyekiti, akaniita mbele.

"Saini hii ni yako?"

"Ni yangu, bwana."

"Tangazo la Kimarathi lilitolewa tarehe ngapi?"

Nilimtazama Karkhanis. Alikuwa anatazama kidau chake cha wino. Angeweza kunyoosha kidole, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Sijui, bwana," nilisema.

Ndipo akaulizwa yeye. Akataja tarehe zote kutoka kitabu chake, mtaa kwa mtaa, pamoja na agizo la Mwenyekiti. Alipoulizwa kuhusu hati yangu alijibu kwamba hakuiandika yeye, kwa hiyo hana la kuieleza.

Kanuni zikarudishwa. Zikatangazwa upya na kwa mbiu, na kifungu kikaongezwa kwamba mtaa usio na bomba hautozwi kodi ya maji. Baada ya hapo Kamati iligundua ghafla kwamba mabomba yanaweza kufika mbali zaidi. Mtaa wa watengeneza ngozi ulifunguliwa mfereji mwezi Agosti 1915. Karkhanis alialikwa. Alikinga viganja, akanywa. Bhagirathi alikuwa amesimama kando na bakuli lake.

"Umeniponyoka, Bwana Karani, yale ya kisima hukuyaonja," alimwambia, akacheka. Karkhanis hakucheka.

Mimi nilipewa onyo la maandishi. Na mwaka 1914, nafasi ya karani mkuu ilipokuwa wazi, Kamati ya Raosaheb ilinichagua mimi kwa kura tisa dhidi ya tatu. Wengi walidhani Karkhanis ataomba uhamisho. Jumatatu yangu ya kwanza katika kiti kile alikuja na tangazo la kodi ya masoko na hati yake ya uthibitisho.

"Nimelisoma mitaa yote saba," alisema. "Saini. Safari hii ni kweli."

Kwa miaka ishirini na miwili tumefanya kazi hivyo. Yeye amezunguka, mimi nimesaini. Hajawahi kunikumbusha ya mwaka 1913, wala kwa utani.

Yapo mengi mengine. Wakati wa homa kuu ya mwaka 1918, makarani sita kati yetu walipokuwa kitandani na wawili wamefariki, aliandika vifo vya mji mzima peke yake, na hakuna familia iliyokosa hati. Sheria ya mwaka 1925 ilipokuja aliifasiri kwa miezi saba, na nakala zake zimeombwa na manispaa tatu za jirani. Wajumbe wapya wanaochaguliwa hufika kwanza kwake kuuliza wanaruhusiwa kufanya nini. Wengi huondoka wamenuna, wakijua zaidi wasichoruhusiwa. Makarani wanamwogopa kwa sababu ya alama ya mkato iliyowekwa pasipo pake: husimama nyuma ya mtu, kimya, mpaka mkato uhamishwe. Na kila siku saa saba hula chapati mbili na mboga ya mbilingani aliyopika mkewe, Dwarkabai, na hajawahi kumpa mtu hata tonge.

Mwezi wa Ashadh ujao, katikati ya mwaka, atakwenda kuhiji Pandharpur kwa miguu pamoja na Dwarkabai, ambaye amekuwa akimwomba safari hiyo tangu walipooana. Kila mwaka mahujaji wakipita, ofisi ilikuwa na kazi. Mama huyu tunamwomba radhi kwa dhati.

Limebaki moja. Mwezi uliopita Kamati ilipitisha kwa kauli moja kwamba pensheni ya Bwana Karkhanis ihesabiwe kwa mshahara wa karani mkuu. Pendekezo lilikuwa langu. Nililiandika kwa siku tatu na kulifikiria kwa miaka mingi zaidi. Kesho yake jalada lilirudi mezani kwangu likiwa na maelezo ya nusu ukurasa kwa mwandiko wake mzuri: kanuni za pensheni zinatambua cheo ambacho mtumishi amekishika, si ambacho wenzake wanaona alistahili, na azimio likipelekwa Serikalini litarudishwa, nayo Kamati itaaibika bure. Chini yake aliongeza mstari mmoja:

"Ahsante, Waman. Lakini si halali."

Tumelifuta azimio. Mstari ule nimeukata kwenye jalada, kinyume cha kanuni, na ninao nyumbani. Katika miaka yote hii alikuwa akiniita Bwana Sabnis.

Bwana Karkhanis, Manispaa ya Karanjkhed inakushukuru kwa kila mtaa uliousomea. Miguu yako ikufikishe salama wewe na Dwarkabai, afya isiwapungukie, na siku zenu za mapumziko ziwe nyingi na njema.

Waman Trimbak Sabnis
Karani Mkuu